Hakuna Wagonjwa Kwenu

14 Januari

Mwanangu Bi Maswali,

Salamu zangu ni nyingi kuliko karatasi hii, kwa hiyo chukua nusu, nyingine utazikuta siku ukija. Hapa nyumbani tu wazima. Baba yako mkubwa alistaafu ualimu ila ualimu haujamstaafu. Juzi alinisahihisha namna ya kukunja taulo. Binti yake, dada yako, amepata mchumba, kijana mpole wa benki anayecheka kabla mzaha haujaisha. Wakwe wanatarajiwa mwezi wa nne, na mama yako mkubwa ameshaanza kupaka rangi kuta, geti na kila kitu kisichoweza kukimbia.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Nikianza tu kuongea nawe, kaka yangu anapata kikohozi nyuma ya mlango. Na wewe una ile sauti yako ya "niko salama Shangazi" ambayo sijawahi kuiamini. Kwenye karatasi angalau utafikiri kwanza kabla ya kunidanganya.

Shule ya udereva inakwenda. Nina mwanafunzi mfamasia anayefumba macho kila tukifika kwenye mzunguko. Namwambia, "Mama, gari lenyewe halina macho, ukifumba na yako tumebaki vipofu wawili." Mimi niko pale pale kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya mwalimu, nikiokoa roho za watu.

Sasa nililokuitia. Jumamosi nilirudi kutoka sokoni, dada yako akaniuliza, "Shangazi, ndala yako nyingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, umekanyaga kigae cha chupa, unavuja damu. Mwanangu, sikuhisi chochote. Nilicheka ili asiogope, nikasingizia mawazo.

Ganzi hii ilianzia kwenye vidole mwaka jana. Sasa imepita kifundo cha mguu. Nikisimama ghafla kichwa kinazunguka, na tumbo nalo lina visa nisivyotaka kuviandika. Wewe unashinda maabara na vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Niambie hii ni nini. Na usiniambie ni umri. Hilo nimeshaambiwa na daktari wa zahanati, aliyenitazama uso akaandika dawa ya miguu.

Baba yako naye alianza hivi hivi. Hatujawahi kulitamka jambo hilo nyumbani. Basi mimi nimeliandika, wino ukikauka haliwezi kurudi.

Shangazi yako,
Mwalimu Breki


2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Huku ni mvua na giza la mchana. Jirani yangu wa juu amenunua tarumbeta na hana mwalimu. Nakula vizuri, kabla hujauliza. Mpe dada hongera, mwambie nitamwandikia yeye mwenyewe.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za maabara. Nilipofika kwenye ndala nikakaa chini pale pale, watu wakanipita.

Shangazi, usirudi zahanati. Nenda hospitali kubwa ya mafunzo, uliza daktari wa mishipa ya fahamu. Usimwambie "miguu inakufa ganzi" halafu ukanyamaza, maana atakupa vitamini na kukuaga. Mwambie ni ukoo. Mwambie babu aliacha kutembea akiwa bado na nguvu za kulima. Mwambie mdogo wako, baba yangu, alipasuliwa viganja vya mikono yote miwili kwa sababu ya ganzi, kisha miguu, kisha moyo. Mwambie unataka damu yako ipimwe jeni. Akikuuliza nani kakufundisha hayo, sema una mtoto mkaidi ughaibuni.

Baba hakufa kwa presha. Nilikuwa shule ya sekondari nilipoambiwa presha, nikakubali kwa sababu kila aliyenishika mkono msibani alisema hivyo hivyo, kana kwamba walikaa kikao. Nadhani hata kazi hii niliichagua kwa ajili ya swali lile ambalo hakuna aliyenijibu.

Umewahi kuniuliza ninafanya nini hasa, nikakujibu "utafiti". Ngoja nikueleze. Tunatengeneza vitone vya mafuta, vidogo kiasi kwamba ukivimwaga kwenye maji huoni kitu, maji yanageuka tu kuwa na ukungu wa rangi ya samawati ukiyaweka kwenye mwanga. Ndani ya kila kitone tunafungia RNA, yaani agizo. RNA ukiituma peke yake kwenye damu inakatwakatwa kabla haijafika kokote. Ukiivika mafuta inasafiri salama mpaka ndani ya seli. Shida yetu ni anwani. Tunataka vitone viende moyoni, kwenye mapafu, kwenye misuli. Tunawadunga panya, tunawapiga picha, na kila mara kinachowaka kwenye picha ni ini. Ini linaona mafuta, linafikiri ni chakula, linayameza yote. Kila Ijumaa tunakaa na kulilaani ini.

Nenda hospitali, Shangazi. Kesho, si wiki ijayo.

Mwanao


11 Machi

Bi Maswali,

Pokea salamu za kila mtu isipokuwa baba yako mkubwa, ambaye kwa sasa hanisalimii hata mimi ninayeishi naye.

Nilikwenda. Daktari ni binti mdogo, kilemba cha kijani, hana haraka. Alinivua soksi mwenyewe. Akachukua uma wa chuma, akaugonga ukalia, akauweka kwenye kidole gumba cha mguu. "Unasikia mama?" Nikamwambia, "Kwa masikio nasikia vizuri sana. Kwa mguu, hapana." Akapanda nao taratibu mpaka karibu na goti ndipo nikasikia mtetemo. Hakucheka. Nikamwambia habari za ukoo kama ulivyoniagiza, akaweka kalamu chini, akasema, "Rudia tena, polepole."

Majibu ya damu yametoka. Ninao, ugonjwa ule ule wa ukoo. Ini langu linatengeneza protini iliyokosewa, inajikunja vibaya, inakwenda kujikusanya kwenye mishipa ya fahamu na baadaye kwenye moyo. Ni ya kurithi. Daktari aliniambia kwa heshima, nikamshukuru kwa heshima, nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje nikamtukana babu wa babu yako, sijui hata jina lake.

Jioni ile niliwakusanya sebuleni. Baba yako mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akafunga dirisha.

"Jina hilo lisitoke nje ya chumba hiki," akasema.

"Kaka, limeshatoka. Limekaa miguuni kwangu na linatembea mjini."

"Wakwe wanakuja mwezi ujao. Unataka waambiwe wanaoa nyumba ya wagonjwa?"

"Mdogo wetu tulimzika kwa uongo. Mimi sitazikwa hivyo."

Akaniambia mimi sina mtoto, ndiyo maana najua kuchezea maisha ya watoto wa wenzangu. Mama yako mkubwa alikuwa analia, na dada yako alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe.

Sasa nijibu mambo mawili. Kwanza, je, dawa ipo? Pili, daktari anasema mtoto wa mgonjwa anaweza kuwa nao au asiwe nao, ni kama kurusha sarafu. Wewe umepima?

Shangazi yako


30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pole, na hongera. Yote mawili. Mpe daktari wa kilemba cha kijani salamu zangu, nimemwandikia pia.

Dawa ipo. Tena, Shangazi, nimecheka peke yangu maabara mpaka mwenzangu akauliza kama niko sawa. Dawa yako ni vitone vya mafuta. Protini yenu mbaya inapikwa kwenye ini, kwa hiyo dawa inatakiwa ifike kwenye ini tu, si pengine. Lile ini tunalolilaani kila Ijumaa kwa ulafi wake! Kwako ulafi huo ndio mlango. Vitone vinaingia kwa dripu, ini linavimeza likidhani ni chakula, na ndani kuna RNA fupi inayochana agizo la kupika ile protini. Jiko linabaki, mpishi anabaki, ila ile karatasi ya mapishi mabaya haimfikii. Haitarudisha vyote vilivyoharibika. Inazuia visiongezeke.

Sasa ubaya. Dawa za namna hii ziko nchi nyingine. Hii ninayoizungumzia bado iko kwenye utafiti, imeboreshwa, kila anayeingia anapewa dawa yenyewe, na wanatafuta hospitali za kushiriki. Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano hapa, nikamfuata mwakilishi wa kampuni inayodhamini, mwanamume nadhifu, sahani ya vitafunwa mkononi. Nikamwuliza kwa nini hakuna kituo hata kimoja kwetu.

Akasema, "Hakuna wagonjwa kwenu."

Nikamwuliza anajuaje. Akasema kwenye rejista yao hayupo hata mmoja kutoka nchi yetu, na kampuni haiwezi kufungua kituo penye sifuri. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza kwamba leo ni Jumatano. Kisha akageukia vitafunwa.

Shangazi, sijaweza kulala vizuri tangu hapo, kwa sababu kwa upande wake ana haki. Anasoma alichoandikiwa. Sisi ndio tuliojifuta. Kila "presha" iliyotamkwa msibani imetutoa kwenye rejista ile.

Wakipatikana ndugu waliothibitishwa kwa kipimo, na daktari wenu akawasajili, nitarudi kwake. Ukoo ni mkubwa. Babu alikuwa na wadogo. Unawajua wote, wengine umewafundisha gari.

Kuhusu swali lako la pili, nina kazi nyingi mwezi huu.

Mwanao


6 Mei

Bi Maswali,

Kazi nyingi! Haya.

Wakwe walikuja. Nyumba ilinukia rangi mpya mpaka mgeni mmoja akapiga chafya mfululizo. Baba yako mkubwa alikuwa amenipangia kukaa jikoni. Nikakaa sebuleni, karibu na mlango, na fimbo yangu. Ndiyo, nina fimbo sasa, usiniulize.

Mambo yalikwenda vizuri. Kisha mjomba wa kijana, mtu mzima mstaarabu, akauliza kwa nia njema, "Na yule ndugu yenu aliyefariki, aliondoka na nini?"

"Presha," akasema kaka yangu.

Mwanangu, nilikuwa nimeapa kunyamaza. Wallahi nilikuwa nimeapa. Lakini nilisikia neno lile likipita juu ya baba yako kama shuka, kwa mara nyingine.

"Si kweli," nikasema. "Alikufa kwa ugonjwa wa ganzi wa kurithi. Baba yetu naye. Mimi ninao, nimepimwa, karatasi iko chumbani. Mkitaka kuniuliza, niko hapa. Wengine siwasemei."

Hata chafya zikakoma. Yule mjomba alinishukuru, kweli alinishukuru, wakanywa vinywaji vyao na kuondoka. Baada ya wiki wakatuma ujumbe kwamba kijana bado ni mdogo, anahitaji kujipanga. Kijana ana ndevu.

Mama yako mkubwa aliniambia sitakula tena kwake. Kwa hiyo nimehamia chumba cha nyuma cha ofisi ya shule. Nalala chini ya bango la alama za barabarani, nikifumbua macho asubuhi naona "Toa Njia". Sitoi.

Aliyeniumiza ni dada yako. Alikuja hapa ofisini macho mekundu, akaniambia, "Shangazi, ulikuwa ukweli wako, lakini harusi ilikuwa yangu." Sikumbishia. Angeweza kunipiga kofi ningekubali. Aliketi kwenye kiti cha wanafunzi mpaka jua likashuka. Kisha akauliza, "Hicho kipimo kinauma?"

Nimeanza kupita kwenye nyumba za ukoo. Nachukua teksi, nabisha hodi na fimbo. Wengine wananipa maji na kubadili mazungumzo. Wengine wanavua viatu wanionyeshe miguu kabla sijamaliza salamu. Binamu yangu Fundi Redio, unamkumbuka, aliyekutengenezea kinanda cha betri, alinifungulia mlango nusu. Mikono yake imekonda hata bisibisi hashiki vizuri. "Mimi si mgonjwa," akasema, "ni moshi wa kulehemu." Akafunga. Mkewe alikuwa nyuma yake, ananitazama mimi, hamtazami yeye.

Hata hivyo wapo waliokwenda kwa daktari. Nao wanaongezeka. Mwandikie, atakupa hesabu.

Shangazi asiyetoa njia


28 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nina mambo mawili na yote ya ukali.

La kwanza. Hesabu ya daktari nimeipata. Wale ndugu zetu wote waliothibitishwa, na bado damu za wengine ziko njiani! Nikaomba nafasi kwenye kikao cha wadhamini. Nikaambiwa mimi si mzungumzaji, ni mtafiti mdogo, nikae. Nikasimama. Nikasema, "Mlisema hakuna wagonjwa kwetu. Wako kwenye rejista yenu tangu Jumatatu. Ni familia moja tu, na bado hatujamaliza mtaa wa pili. Sasa mniambie sababu nyingine." Profesa wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Yule mwakilishi nadhifu aliandika kitu. Alipomaliza kuandika akauliza jina la hospitali.

La pili. Dada amenipigia. Shangazi, kwa nini barua zako hazina tena mfamasia? Barua ya kwanza alikuwamo, baada ya hapo hakuna mwanafunzi hata mmoja, na mimi mjinga sikuona. Dada anasema mligonga ukuta wa chuo cha ufundi mwezi wa tatu. Anasema mfamasia alipoteza usukani, wewe ukakanyaga breki yako, ila mguu ulikuwa umekanyaga sakafu na hukujua. Anasema hakuna aliyeumia, na wewe ulishuka, ukamkabidhi mwenzako funguo, hujafundisha tangu siku hiyo.

Uliniandikia kuhusu wakwe, kuhusu rangi, kuhusu chafya. Hili hukuliandika. Na mwandiko wako unapinda mstari, nimeona. Mikono nayo?

Mwanao anayekasirika kwa sababu yuko mbali


20 Juni

Bi Maswali,

Salamu baadaye.

Miguu yangu usiiulize. Mikono yangu usiiulize. Kalamu ni mbovu. Nimekufundisha gari tangu hujafikia kioo, sitapokea karipio kwa posta.

Nimekuuliza swali moja mwezi wa tatu, nikakuuliza kimoyomoyo mwezi wa tano. Unasimama mbele ya wadhamini unasema "familia moja", "ndugu zetu", na wewe mwenyewe umejiweka upande gani? Wa daktari au wa kitanda? Mimi nimeumbuka mbele ya wakwe. Dada yako amepima, na anao, na amelia, na ameinuka. Hakuuokota barabarani, na baba yake anajua hilo vizuri kuliko sisi sote. Ndiyo maana anafunga madirisha.

Ukitaka kujua habari zangu, lete zako.

Shangazi


4 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe ukimya. Jirani wa tarumbeta amehama, nimegundua naikosa ile kelele.

Nilipima mwezi wa saba. Siku ya majibu nilikwenda peke yangu, nikavaa ile blauzi ya njano uliyosema inanifanya nionekane waziri. Mama mshauri alinipa kikombe cha maji kabla hajafungua mdomo, nikajua.

Ninao.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa bado naandika sentensi hiyo. Nimeiandika mara nyingi kwenye karatasi nyingine. Sasa imetulia.

Sina dalili yoyote. Nasikia uma wa chuma mpaka kwenye ukucha. Nitaangaliwa kila mwaka, na siku dalili zikianza, nitaingia kwenye dawa mapema kuliko mtu yeyote wa ukoo huu alivyowahi. Baba angekuwa na nafasi hii angekuwa anabishana nawe sasa hivi kuhusu gia.

Profesa aliniita. Alikuwa mwema, na wema wake ndio ulionichoma. Akasema labda nihamie kundi lingine, linaloshughulikia chanjo, kazi hii itakuwa nzito kwangu, nitakuwa najitazama kila siku kwenye darubini. Na takwimu za utafiti wa wagonjwa wenu nisiziguse tena, maana sasa nina maslahi. Hilo la takwimu nilikubali, ni haki. La kuhama nikakataa.

"Profesa," nikamwambia, "ini lina dawa. Moyo bado. Ile protini ikishajikusanya kwenye moyo, hakuna kitone chetu kinachofika pale. Hapa ndani nani ana haraka kuliko mimi?"

Akasema sayansi haiendi kwa hasira. Nikamwambia miaka yote aliyonijua nilikuwa na hasira, ila hakuniuliza.

Nimebaki. Nimebadilisha moja ya mafuta yanayounda kitone, na kuna picha ya panya ambapo ini limewaka kama kawaida, lakini moyo nao ukawaka, kidogo mno, mwenzangu akasema ni uchafu kwenye kioo. Nikafuta kioo. Moyo ulikuwa bado unawaka. Siahidi kitu. Nakueleza nilichokiona tu.

Na hili lifungue ukiwa umekaa: hospitali yenu imekubaliwa. Daktari atakupigia.

Mikono ikoje, Shangazi? Nimeleta zangu.

Mwanao


25 Novemba

Mwanangu,

Barua hii anaiandika dada yako, mimi naitamka. Mikono iko hivyo. Nimekujibu.

Sentensi yako nimeisoma, nikamwomba dada yako atoke nje kidogo, kisha nikamwita arudi. Sitakupa pole. Huipendi, na mimi sijui kuitoa vizuri. Nakwambia hivi: ukoo huu haujawahi kuwa na mtu aliyeujua ugonjwa kabla ugonjwa haujamjua yeye. Wewe ni wa kwanza. Endelea kukataa kuhama.

Nimeshawekewa dripu zaidi ya mara moja. Daktari mmoja mkubwa alitaka kuniondoa, akasema moyo wangu umeanza kuguswa na nitashindwa kutembea kwenye korido kama karatasi za utafiti zinavyotaka. Nikamwuliza karatasi zinasema nitembee au nitembee vizuri? Akasema nitembee. Nikatembea, na fimbo, na matusi ya chini kwa chini, binti wa kilemba cha kijani akihesabu pembeni huku anafuta macho. Nikafika ng'ambo. Nikaingia.

Wanakupa kwanza vidonge ili mwili usishtuke, kisha wananing'iniza mfuko. Nilitegemea maajabu. Ni maji tu, mwanangu! Nikakaa nikiyatazama yanashuka, nikiliambia ini langu, kula, mlafi wewe, kula. Dada yako alikuwa kiti cha pili. Mishipa yake imeonyesha dalili za mwanzo kabisa, kwa hiyo amepokelewa. Tunapewa na vitamini A, maana dawa hii inaipunguza mwilini. Kipimo cha mwisho kinasema ile protini mbaya imeshuka sana kwenye damu yangu. Miguu haijarudi, na daktari hajanidanganya kwamba itarudi. Ila ganzi ilikuwa inapanda kila mwezi, sasa imesimama pale pale ilipokuwa.

Asubuhi naketi ofisini na kufundisha alama za barabarani kwa mdomo. Mfamasia amepata leseni. Mungu atulinde.

Yule kijana wa benki alirudi, peke yake, bila wajomba. Dada yako alimsikiliza, akamwambia arudi tena akiwa ameshajipanga. Hapa anacheka huku anaandika, na anasema nisiyaweke haya. Ameshayaweka.

Sasa habari nzito. Fundi Redio tumemzika. Mkewe alimleta hospitali mwezi wa tisa, akiwa kama amembeba mgongoni, lakini moyo ulikuwa umekwisha kazi, wakamkataa kwenye utafiti. Huyo hakuwa na hata korido ya kutembea. Siku zake za mwisho aliniomba radhi ya mlango, nikamwambia mlango ule niliusahau siku ile ile, jambo ambalo si kweli.

Msibani watu walijaa uani hadi barabarani, maana nani hakuwahi kutengenezewa kitu naye. Baba yako mkubwa akasimama kuzungumza kwa niaba ya ukoo. Amekonda. Alishika kiti kwa nguvu, nikaona anavyopanga miguu, nikajua. Akamsifu marehemu vizuri, watu wakaitikia. Kisha akasema, "Ndugu yetu amesumbuliwa na presha kwa muda mrefu..."

Nilivuta fimbo yangu niinuke. Sikuwahi.

Mjane alikuwa ameshasimama kati ya wanawake. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, nakuheshimu, keti. Mume wangu hakufa kwa presha."

Akasema kilichomwua. Akautaja ugonjwa, akataja viganja, miguu, moyo, kwa mpangilio, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akasema watoto wake wote watapimwa Jumatatu. Mama mmoja nyuma yake akasema, "Na wangu." Kisha mwingine. Baba yako mkubwa alibaki amesimama, mdomo wazi, hakuna aliyemtazama kwa ubaya, na hakuna aliyemngoja amalizie.

Aliketi. Hajanisemesha mpaka leo, na mimi sijamtafuta. Atakapokuwa tayari, kiti kipo.

Tulipokuwa tunatawanyika, mwanamume mmoja alinifuata hadi kwenye teksi. Si wa ukoo wetu, sijawahi kumwona, alikuja kuzika kwa sababu ya ujirani. Akashika mlango wa gari.

"Mwalimu," akasema, "hiyo hospitali wanapokea watu wa nje ya familia yenu?"

Nikamwuliza, "Mko wangapi?"

Akatazama nyuma, ambako ndugu zake walikuwa wamesimama wakimsubiri, wazee kwa vijana, wanajifanya wanazungumza.

"Tuko wengi," akasema.

Nikamwambia waje wote.

Shangazi yako